Mwanamke Ndani ya Uzio

Gasper hakuwa na nia mbaya, hilo tuliseme mapema. Ila wanaume, bwana! Kitu kimefichwa nyuma ya kabati, kimefunikwa khanga, wewe unakitoa ukakitundike sokoni bila hata kuuliza?

Esteria, mkewe, ni mchora vibao hapa Kibondo. Saluni, duka la pembejeo, mama lishe, vyote ni mkono wake. Lakini ile picha ya nyuma ya kabati hakumchorea mtu. Kwenye ubao kuna mwanamke aliyesimama ndani ya uzio wa matete usio na mlango, uso ameuziba kwa kikapu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka. Asubuhi ile alipofika kibandani kwake sokoni akaikuta inaning'inia mbele za watu.

Maana Esteria si Esteria. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na Warundi wakarudishwa kwao, yeye, binti yatima, alitorokea kijiji cha Heru Juu kwa mama mmoja Muha, ambaye alimpa jina la bintiye marehemu. Kiha na Kirundi havipishani sana, hakuna aliyeshtuka. Akaolewa kwa jina hilo, akazaa watoto wawili. Mume hajui. Siku ikijulikana, huwa anawaza, atapakiwa kwenye gari, na watoto watabaki uani wakilia.

Sasa akaja bwana mmoja wa uhamiaji, mtu wa Tanga, mpole tu, akaipenda picha. Akasema vikapu kama kile aliviona kwa Warundi kambini, je, huyo mama ni nani? Esteria akajibu kwamba amebuni tu. Yule bwana akaipiga picha kwa simu, akaahidi kurudi kesho kuinunua.

Kutwa Esteria hakushika brashi. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimshtua. Jioni akaishusha ile picha, akaenda nayo nyumbani kumngoja mumewe.

Gasper alilalamika kwanza, kwa nini ameiondoa. Kisha akaitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Uzio hauna mlango," alisema. "Mimi niko wapi hapa, ndani au nje?"

Esteria akaogopa kuliko alivyomwogopa yule bwana. Lakini alikuwa amechoka, jamani, miaka yote hiyo kulala na mtu anayekuita kwa jina la marehemu. Akamweleza yote, kuanzia Mtabila hadi yule bwana wa uhamiaji, na mwisho akasema, "Naitwa Niyonsaba."

Gasper aliinuka. Akachungulia nje, akafunga mlango kwa komeo. Akauvunja ule ubao kwa goti, vipande akavisukuma motoni chini ya chungu cha maharage. Kisha akamshika mkewe mkono.

"Kesho nitamwambia yule bwana imeuzwa," alisema. "Sikuachi, mke wangu. Ila jina hilo usilitaje tena. Hata kwangu."

Esteria akaitikia, akainama kuuchochea moto.