Nilivyonyang'anywa pomboo wa Kigamboni na mtu wa Singida asiyejua kuogelea

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu na bado yananiuma, anayetaka kucheka acheke tu.

Miaka ya tisini, kabla sijaanza kuzurura mikoani, nilikuwa navua vibua Kigamboni kwa mtumbwi na wavu mmoja.

Kulikuwa na kundi la pomboo. Wao wanawafukuza vibua kuelekea ufukweni, mie natega mbele yao. Wanakula, napata. Mtaani wakaniita Baba Pomboo, na jina lile nililipenda kuliko nililopewa nyumbani.

Akaja mwekezaji (enzi zile kila kitu mwekezaji), akaweka vizimba vya kufugia samaki baharini.

Mlinzi wakamtoa Singida, anaitwa Joeli. Hajui kuogelea. Laifu jaketi alikuwa havui hata akila wali nchi kavu.

Kila asubuhi Joeli aliwatoa samaki waliokufa vizimbani na kuwatupa majini. Haikupita miezi mingi, pomboo wote wakahamia kwake. Boti yake ikinguruma tu, hao. Vibua hawafukuzwi tena, wavu wangu unarudi na majani.

Kilichonimaliza ni watoto wa mtaani kuanza kumwita yeye Baba Pomboo.

Nikamfuata. "Braza, unawapa dawa gani?"

"Dawa? Nawapa mizoga. Kwani wewe ulikuwa unawapaga nini?"

Nitasema kweli, wakuu. Nilikuwa siwapi kitu.

Baadaye mradi ukafa, vizimba vikang'olewa, Joeli akarudi kwao. Nilifurahi, sidanganyi. Alipokuja kuniaga alisema, "Uwaangalie wale, wamezoea kula asubuhi."

Kesho yake nikaazima boti ya mashine, nikaenda pale pale. Iliponguruma wakaja wote, vichwa juu, midomo wazi. Nusura nilie kwa furaha.

Kumbe hawanitazami mie, wanatazama mkono. Wakaukuta mtupu. Wakabaki wanazunguka, na vibua wanarukaruka jirani, hakuna hata pomboo mmoja aliyejisumbua kuwafukuza.

Nilichojifunza: mnyama wa porini ukimzoesha kupewa, kazi yake anaiacha, na aliyekuwa akiitegemea kazi ile anaumia naye.

Nimekaa Tanga, Mafia, Mtwara. Kila nikiona pomboo namkumbuka yule mtu na laifu jaketi lake, wivu unarudi upya.

Wa Kigamboni, pomboo wamerudia kufukuza vibua? Na Baba Pomboo siku hizi ni nani? Semeni tu, ila kama ni Joeli karudi, msiniambie.