Nilimnyamazisha Mama Aliyenifundisha Kushukuru

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jumapili ile asubuhi niliondoka Nakuru kwa miguu bila kujua niendako. Nimekuwa nikihamahama hivyo tangu niache shule nikiwa mdogo, lakini safari hii nilikuwa namkimbia mama mmoja mjane.

Tulikuwa vibarua pamoja katika shamba la mzungu huko Molo. Alipochuma maua ya pareto alimshukuru Mungu kwa mashairi aliyotunga mwenyewe kichwani, kusoma hakujua. Nami ni mtu wa kuulizauliza.

"Mama, hayo unatoa wapi?"

"Kwa mgongo," akacheka. "Ukiuma, natunga."

Nikamwomba ayarudie hadi nikayashika:

*Bwana, hukunipa shamba, ulinipa mikono.*
*Hukunipa taa, ulinipa asubuhi.*
*Leo sina cha kukupa ila uchovu wangu;*
*upokee kama pareto, uuanike juani.*

Nilipohamia mjini Nakuru niliyasema kanisani. Watu wakalia. Wakauliza ni nani aliyetunga. Nikasema ni mimi. Kwaya ikajifunza, nami nikapewa kiti cha mbele.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, watu wa mashamba walikuja mjini, kila mmoja asimame atoe shukrani yake. Mama yule akasimama. Hakumaliza mstari wa pili, kiongozi wa kwaya akamkata.

"Mama, hiyo ni ya kijana yetu. Mungu hataki shukrani ya kuazima."

Kanisa zima likacheka. Mama akanitazama, akangoja. Nami nikatazama viatu vyangu.

"Basi, mnisamehe," akasema, akaketi.

Baadaye nilimkuta sokoni, nikamwahidi kwamba Jumapili nitawaambia watu wa kanisa ukweli.

"Sikudai, mwanangu. Maneno ni ya Mungu. Lakini siku hizi nikianza kuomba, nawasikia wakicheka. Nachuma kimya tu."

Ee Mungu, ningetukanwa ingekuwa nafuu! Jumapili ikafika. Badala ya kwenda kanisani nikashika njia.

Jioni nilifika Gilgil, miguu imevimba. Mzee mmoja wa reli akanipa pa kulala jikoni mwake. Mkewe akatenga ugali, akasema, "Mgeni, tuombee."

Nikafumba macho. Kila neno lililonijia lilikuwa la yule mama. Nikawaambia siwezi.

"Amechoka huyu," mzee akamwambia mkewe. "Mwache akule."

Ninayaandika haya papo hapo jikoni. Ndugu msomaji, ukibeba sala ya mtu, mbebe na mwenyewe. Mimi nilidhani nimechukua maneno tu, kumbe nimemziba mtu mdomo mbele ya Mungu wake.

Nanyi mnaoimba mistari ile, ni ya mama mliyemcheka. Mfuateni Molo, mwambieni asimame. Mimi hata jina langu nimeshindwa kuliandika hapa chini.