Odarkor Hakunyanyua Mkono

Kila Odarkor Tagoe alipoanza kuvua hereni ili apigane, watu wa Bukom waliacha sahani zao wakatoka nje kutazama. Aliuza kenke, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na mkono uliosonga unga tangu utotoni ulikuwa mzito kama wa marehemu baba yake, aliyewafundisha ndondi vijana wa mtaa huo wa Accra. Alishamng'oa jino dereva wa teksi. Alishamlaza chini mchuuzi wa samaki aliyemwita shamba lisiloota. Kwao, anayepigwa asirudishe huitwa mzoga mpaka siku ya kuzikwa.

Ndiyo maana sharti la daktari wa uzazi, kwamba asipigane mpaka matibabu yaishe, lilimwia gumu.

Kila jioni mumewe Lante, bondia mstaafu mwenye pua iliyolala upande, alimfinya nyama chini ya kitovu amchome sindano. Mikono iliyovunja taya za wanaume ilisitasita mbele ya sindano. "Choma, bwana," Odarkor alimwambia. "Unanigusa kama unataka kuniibia." Dawa hiyo ilikomaza mayai mengi kwa wakati mmoja, badala ya moja la kila mwezi. Tumbo likavimba, likauma kwa kila hatua. Hasira nazo zikaja, zisizo na sababu wala mwenyewe. Alirusha sufuria ukutani kwa kuwa kifuniko hakikukaa sawa, akalia juu ya unga uliomwagika, halafu akataka kumpiga Lante kwa kosa la kumwona akilia.

Dokta Quaye alimwonyesha kwenye kioo cha mashine vifuko vyeusi vya mayai vimesongamana. Ovari ikijaa hivi, alimwambia, inaning'inia kama tunda zito. Akiruka au akipigana, inaweza kujisokota ikajinyima damu, na hapo atapasuliwa, pengine itolewe kabisa. Odarkor alikuwa anakaribia arobaini. Nafasi nyingine kama hii hakuiona mbele yake.

Sindano ya mwisho, ya kuyaivisha mayai, Lante aliichoma saa ileile waliyopangiwa. Ilibaki siku moja tu kabla ya kuyavuna hospitalini. Siku hiyo ndiyo Amerley alipokuja kwenye kibanda cha kenke cha Odarkor.

Amerley alikuwa dada yake Lante, na habari za matibabu hakuwa nazo. Walimficha kwa kuogopa ukoo mzima kumwita mtoto wao mtoto wa chupa. Alichojua ni kwamba msichana aliyemtafutia kaka yake awe mke wa pili, amzalie, amekataliwa.

"We mwanamke, umemlisha nini kaka yangu?"

"Wifi, leo nenda nyumbani. Nakuomba."

"Unaniomba?" Amerley aliwageukia watu. "Mmesikia? Odarkor anaomba."

Akamtandika kofi. Mkono wa Odarkor ulikwenda wenyewe sikioni, ukashika hereni. Watu wakajipanga duara. Ndipo uzito ule tumboni ulipoyumba, naye akaiachia hereni, akajishusha chini taratibu, akaegemea ukuta na kukumbatia tumbo.

Amerley alichukua mwiko wa kenke. Alimpiga mabegani, alimpiga kichwani, mdomo ukapasuka, nyusi ikapasuka na damu ikajaa jicho. Mtu akasema mzoga, wengine wakapokea. Kilichomuuma Odarkor kupita mwiko ni kwamba kila pigo aliliona likija, la kivivu, taya la Amerley likiwa wazi kabisa juu yake. Akazidi kukaza mikono tumboni, mpaka Lante alipofika mbio na kumshika dada yake kiunoni akamwondoa.

Kesho yake hospitalini nesi aliutazama uso ule, kisha akaitazama mikono ya Lante. Akamwita mlinzi. Mbegu zake wanazihitaji, alisema, lakini atasindikizwa.

Odarkor alicheka, mdomo ukapasuka upya. "Ni wifi yangu, nesi. Huyu hata sindano inamshinda."

Walimlaza usingizi, wakamwingiza sindano ndefu kwa njia ya uke, wakanyonya mayai. Aliamka tumbo likiuma na pamba ikiwa na damu. Maabara waliyakutanisha na mbegu za Lante. Mengine yalikufa. Viinitete vitatu, mimba changa za siku chache, vilisalia, kimoja kikawekwa tumboni kwa mrija mwembamba, na hilo halikuuma hata kidogo. Viwili viligandishwa. Kisha kungoja, akila dawa, kila kichomi kikimpa tumaini na hofu kwa pamoja. Watoto wakimwita mzoga, alikunja mikono akapita.

Simu ya majibu ya damu aliipokea amesimama: mimba haikushika. Alisema asante. Akavua hereni ya kulia, akavua ya kushoto, akakaza kanga kiunoni. Lante aliona hereni mezani, akajua, akampisha mlangoni.

Amerley alikuwa kwake anakaanga samaki. Ngumi ya kwanza ilimwangusha. Aliinuka, akarudisha, maana naye ni wa Bukom, wakapigana mpaka benchi likavunjika na kidole cha Odarkor pia. Walipoishiwa pumzi walikaa chini, bega kwa bega, wakitema damu.

"Sasa siku ile?" Amerley aliuliza. "Mbona hukunyanyua mkono?"

"Nilikuwa nimebeba mayai. Ya hospitali. Ya kumzalia kaka yako."

Amerley aliwasahau samaki karaini, wakaanza kunuka moshi. "Yameharibika? Ni mimi?"

"Lililowekwa halikushika. Daktari kasema siyo wewe. Mimi nilisema ni wewe, mpaka nilipokupiga."

"Yamebaki?"

"Mawili. Yako kwenye barafu."

Amerley aliepua karai kwa mkono uliochubuka. "Siku ukiyafuata niambie. Atakayekuita mzoga, nitakuwa mlangoni na mwiko."

"Nipe samaki kwanza," Odarkor alisema. "Tangu jana sijala."

"Wameungua."

"Haohao."