Siti ya Karibu na Sikio

Mzee Usumani wa Gisozi, Kigali, alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila la kushoto halikuwa lake. Lilikuwa la mjukuu wake, Mukunde.

Mukunde alikuwa hajatimiza miaka miwili, na hakulala bila kushika sikio la mtu. Mwanzo lilikuwa sikio la bibi yake, Mama Nasiri, mke wa Mzee. Mama wa mtoto, Uwineza, alifanya kazi ya jioni katika hoteli moja kule Kiyovu, basi mtoto akawa analala kwa bibi. Mvua za masika zilipokwisha, Mama Nasiri akafariki. Siku ya matanga mtoto alizunguka mkeka kwa mkeka, anashika sikio la huyu, analiacha, anashika la yule, analiacha. Waombolezaji wakawa wanainamisha vichwa wapimwe. Alipofika kwa babu alishika la kushoto, akasema, "Twi," neno lake la sikio, akalala. Mzee alikuwa hajapata usingizi tangu mazishi. Naye akalala, ameketi vilevile.

Tangu hapo ikawa kila siku. Mafundi wenzake wa Agakiriro, pale zinapotengenezwa samani, walisema sikio limerefuka. Nsabimana, fundi mbao, alileta tepu akalipima mbele za watu, akatikisa kichwa kama aliyeuziwa mbao mbichi. Alisema la kulia nalo litafutiwe mtoto, mzee asije akatembea upande.

Mzee Usumani aliendelea kushona. Kazi yake ilikuwa kushonea makochi vitambaa na kuyajaza sponji. Shule hakwenda. Maneno aliyatumia kama misumari: pale tu panapolegea.

Kisha Nasiri, mwanawe, baba wa mtoto, akapata kazi bandarini Dar es Salaam, akatangulia, kisha akakata tiketi za ndege. Moja ya mkewe Uwineza. Moja ya mama mkwe wake, Winifred wa Busanza. Moja ya baba yake. Mukunde hakukatiwa kiti, maana wa umri wake hupakatwa. Uwineza na mtoto walikuwa wanahama kabisa. Mzee na Winifred walikuwa wasindikizaji, wakae siku chache, warudi Kigali.

Mzee aliisikiliza habari yote hiyo kwenye simu mpaka mwisho. Hakuuliza mtoto atarudi lini. Aliuliza siti za ndege zikoje.

Nsabimana alimtafutia picha kwenye simu yake. Viti vitatu upande huu, vitatu upande ule. Mzee akaitazama sana. Kesho yake akaanza kuunda kochi la watu watatu, jembamba, refu mgongoni, na mikanda ya kufungia tumbo aliyoikata kwenye ile mikanda ya kutandika chini ya sponji. Mteja mmoja akalitaka. Akaambiwa haliuzwi, hilo ni ndege.

Maana kukaa kwenyewe kulikuwa na kazi. Kwa desturi waliyokulia, mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe wake. Humpitia mbali, humpa chai kwa mikono miwili, macho chini. Uwineza alikuwa hodari wa hayo. Sasa ukiwaweka watatu kwenye kochi moja, lazima katikati awe Winifred. Naye Mzee akae mkono wa kulia wa Winifred, ili sikio la kushoto lielekee kwa mtoto. Na mtoto apakatwe na Winifred. Hesabu ilikaa.

Siku ya mazoezi aliwaita. Winifred alikuja na wigi lake jipya, zito, la kupanda ndege. Alikulia Uganda, Kiswahili alikiokota sokoni, na hakukiogopa. Alipoonyeshwa pa kukaa alisimama kwanza.

"Bamwana," alimwambia Mzee, kama waitanavyo watu ambao watoto wao wameoana, "mimi iko nyanya ama iko ukuta?"

Mzee alisema ni vyote viwili.

"Na dirisha? Mimi nitapanda juu huko kuona nini? Kichwa ya mtu?"

Alipewa ahadi ya kuchungulia. Wakakaa, wakafungwa mikanda. Nsabimana alisimama mbele yao na aproni, akawagawia karanga, akawaonyesha mlango wa kukimbilia, ambao ulikuwa mlango wa kabati la mteja. Mashine za kukata mbao zikawashwa zote ziwe injini. Mukunde alinyoosha mkono, akashika sikio, akalala papo hapo. Mafundi wakapiga makofi kimyakimya.

Uwineza peke yake hakupiga. Alisema, kwa adabu na kwa kutazama chini, kwamba Dar hakuna sikio la Baba. Mtoto atalia usiku, na yeye atampa nini? Afadhali aanze kuzoea ndani ya ndege, apakatwe na mama yake, mbali na sikio.

Mzee alifungua mkanda wake. Alijua mkwewe anasema kweli. Lakini moyoni alikuwa na ombi dogo: safari hii moja tu. Huko mbele wafanye watakavyo.

Wakaenda Kiyovu, ofisi ya tiketi, kuchagua viti. Binti wa pale, Donatille, aliwageuzia skrini waone. Mzee alisogea, akasogea tena. Viti viwili huku, viwili huku.

"Cha tatu kiko wapi?" aliuliza.

Donatille alimweleza kwamba ndege hii ni ndogo, haina cha tatu. Mzee alilifikiria kochi lake kule Gisozi, na mikanda yake.

Basi Uwineza akasema atakaa dirishani na mtoto, mkokoteni wa chakula usije ukamgonga miguu. Hapo pembeni yake bado pako wazi. Donatille, ambaye hakujua desturi ya nyumba yao, aliwatazama wote akasema jambo la busara kabisa: babu akae hapo amsaidie mama wa mtoto, na bibi apewe dirisha la nyuma yao.

Winifred alishika mikono kama anayeshukuru kanisani. Uwineza alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kukataa. Siti yenyewe ilikuwa mkono wa kulia wa mtoto. Sikio la kushoto lingekuwa palepale. Kila alichokuwa anakitaka Mzee Usumani kiliwekwa mbele yake kama sahani ya pilau.

Na kama mtu aliyewekewa pilau ugenini, akakataa.

Ndivyo alivyolelewa. Mtu mzima hakubali kitu mara ya kwanza. Anakaribishwa, anasema ameshiba. Anabembelezwa, anasema labda kidogo. Mara ya tatu ndipo ananawa.

"Hapana," alisema. "Mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe wake."

Akangoja abembelezwe.

Donatille alisema sawa, akabonyeza. Mama dirishani na mtoto, bibi pembeni yake, babu nyuma yao, dirishani. Skrini haibembelezi mtu.

Winifred alimtazama bamwana wake kuanzia Kiyovu mpaka stendi, bila kupepesa. Mzee alitaka kusema, lakini mate yakishatemwa hayalambwi. Jioni hiyo aliligeuza kochi la ndege likatazama ukutani.

Siku ya safari ilifika. Mzee alivaa kofia yake nyeupe na kanzu iliyopigwa pasi, na kwapani alibeba zawadi ya mwanawe: mto wa kochi, mwekundu, wa mahameli, umejazwa sponji ngumu na kuzungushiwa tamvua za dhahabu. Kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, mizigo ilipopangwa chini, mbwa wa ukaguzi aliunusa mto ule mara mbili, akaulalia. Askari akamwamsha.

Ndani ya ndege kila mtu alikaa alikopangwa. Mzee dirishani, nyuma, amekalia mto. Pembeni yake kijana mmoja alilala kabla ndege haijatikisika. Mbele yake, kati ya migongo ya viti, palikuwa na ufa mwembamba. Mzee aliona nywele za Mukunde kupitia ufa ule, akatazama hizo. Dirisha hakuligusa.

Ndege ilipopanda, Mukunde akaanza. Kwanza alinung'unika, kisha akatangaza. "Twi!" Uwineza akampa sikio lake. Mtoto akalishika, akalia zaidi, akalitupa. Akamwendea nyanya yake. Masikio ya Winifred yalikuwa ndani ya wigi, na mtoto hakuwa na subira ya kutafuta. Alivuta. Wigi likatoka lote. Winifred akabaki na kofia ya soksi, ameganda, na mwanamume wa upande wa pili wa njia akageuka upesi kusoma maelezo ya jaketi la kuokolea.

Mukunde aliliangalia wigi. Halikuwa na masikio. Akalitupa nalo. Kisha akasimama mapajani mwa mama yake, akanyoosha mkono juu ya kiti cha mbele, akakamata sikio la bwana mmoja mwenye kipara na suti. Bwana yule alikuwa na masikio makubwa, mazuri. Kwa kitambo kidogo mtoto alinyamaza, na ndege nzima ikaanza kutumaini. Bwana hakuthubutu kusogea. Aliuliza kwa sauti ya chini, uso mbele, itachukua muda gani. Lakini mtoto akalipapasa, akaona si lenyewe, akarudia kilio pale alipokiacha.

Nyuma, Mzee Usumani alishika mikono ya kiti chake kwa nguvu. Sikio la kushoto lilikuwa linamchoma kana kwamba limeitwa kwa jina.

Taa ya mikanda ilipozimwa, Uwineza aligeuka. Aliongea kupitia ufa ule, na safari hii hakutazama chini.

"Baba, njoo."

Mzee alikuwa ameshainuka nusu. Adabu ikamkamata kiunoni.

"Na heshima, mama?"

"Heshima itakaa katikati," alisema Winifred, ambaye alikuwa amesimama njiani na wigi mkononi. "Si umeikalia hapo? Lete huo mto. Mimi naenda dirishani."

Hakubembelezwa mara ya tatu. Wakapishana njiani, kijana aliyelala akarukwa na wote wawili. Winifred alijitupa kwenye siti ya nyuma, akabandika paji la uso kwenye kioo, na wigi akalipakata. Mzee akakaa pembeni ya mkwewe. Mto ukasimamishwa kati yao, mwekundu, na tamvua zake, mrefu kufika begani. Mhudumu alipopita aliuliza kama kuna tatizo. Mzee alisema hapana, huo ni ukuta.

Akainamisha shingo juu ya ukuta. Mkono mdogo ukaja.

"Twi," alisema Mukunde, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa siku nzima, akashika.

Alikuwa bado mapajani mwa mama yake. Kichwa kifuani mwa mama, mkono kwa babu. Mzee alikaa amepinda kama ndoano, tamvua zinamwasha pua, na hakuomba zaidi ya hapo.

Kwa kupinda vile, jicho lake liliangukia kwenye sikio la Uwineza, karibu kuliko alivyowahi kuliona. Palikuwa na hereni, kijiwe kidogo chenye ncha. Akakitazama. Akakumbuka sikio la Mama Nasiri. La kulia lilikuwa na pete ya dhahabu aliyomnunulia yeye mwenyewe. La kushoto lilikuwa tupu. Alipata kumwuliza mkewe nyingine iko wapi, akajibiwa ameiweka, inamchoma mtoto vidole. Naye Mzee hakuwa amelifikiria tena jambo hilo.

Basi ndilo hilo. Mtoto hakuwa anatafuta sikio la mzee wala la kijana. Alikuwa anatafuta la mtu wake, lisilochoma.

Mzee angeweza kukaa kimya. Kazi hiyo aliiweza. Mkono ule mdogo ulikuwa moto, na Dar ilikuwa bado mbali. Alitazama mawingu kidogo. Kisha akatazama ukuta wake wa mahameli, akasema nao, maana mkwe hasemeshwi usoni kwa jambo la masikio.

"Vua hereni, mama. Marehemu alivua."

Uwineza hakuelewa mara moja. Alipoelewa, macho yalimjaa machozi. Akavua, ya kushoto na ya kulia, akazitia mfukoni. Mzee akaushika mkono wa Mukunde, kidole kimoja kimoja, kama anayetoa pini kwenye kitambaa kizuri, akauhamisha. Mtoto akakunja uso. Akapapasa sikio jipya, juu, chini, nyuma.

Bwana wa kipara alikuwa amegeuka anaangalia. Winifred alikuwa ameacha dirisha.

"Twi," akasema Mukunde, akiwa amefumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akalala.

Uwineza alimwambia Baba ahsante, mara moja, kwa sauti ndogo. Mzee alisema si kitu. Ilipokaribia Dar, mhudumu akaja kusema mto lazima uondolewe, ndege inashuka. Mzee akaupakata. Hapakuwa na ukuta tena, basi akageuza uso wote upande wa njia, akaketi hivyo, wima, mpaka magurudumu yakagusa chini, na kila abiria aliyemtazama alidhani amekasirika.

Hakuwa amekasirika. Sikio la kushoto lilikuwa linapata baridi. Akaivuta kofia chini kidogo, akalifunika.