Kompyuta Ilipoziba Masikio ya Mama

Siku ninayoanza nayo, mwanangu, ni ile baba yangu alipoezeka nyumba kwa mabati. Huku Nyanungu wakati huo tulikuwa watu wa nyasi. Basi mvua ya kwanza ilipokuja, majirani walijazana kwetu, si kwa kujikinga, maana kwao kulikuwa hakuvuji, ila walitaka kusikia bati linavyolia. Rafiki mmoja wa baba aliingia akaketi akaanza kueleza jambo lake. Sisi tukawa tunaona mdomo unacheza tu. Alieleza, akanyoosha mikono, akaeleza tena. Alipomaliza, baba kwa heshima akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Mvua ilipokatika tukajua kwamba yule mzee alikuwa anaomba kuazima fahali wetu, na baba ameshakubali mbele ya watu. Fahali akaenda. Alikaa huko mpaka tukaanza kusahau rangi yake.

Usidhani nimepotea njia. Nazungumzia mabati kwa sababu nyumba ile niliirithi mimi, na mabati yake nikayarithi, na kutu yake pia. Bati moja lilitoboka juu ya pembe niliyokuwa nimeweka sanduku la chuma. Maji yalidondoka humo msimu mzima wa masika, nami sijui, maana sanduku halifunguliwi kila siku kama chungu cha mboga. Nilipokuja kulifungua nikakuta picha ya mama yangu imelowa, imekauka, imelowa tena. Ndiyo picha yake pekee duniani. Doa la kahawia lilikuwa limeanzia juu ya kichwa upande wa kushoto, likameza sikio lote la upande huo, likashuka mpaka begani.

Na ilitokea wakati mbaya. Sisi watoto wa mama Bhoke, tuliobaki, tulikuwa tumekubaliana kulijengea kaburi lake kwa saruji na vigae. Fundi akatuambia siku hizi unaweza kuweka kigae chenye sura ya marehemu, kinachomwa huko Mwanza, jua halikifuti. Wote tukapenda. Watoto wanaozaliwa sasa hawakumwona. Wangepita pale wakamjua bibi yao.

Nina mjukuu anaitwa Robi. Alisoma mambo ya kutengeneza picha kwa kompyuta, sasa ana kibanda chake Tarime mjini, anatengeneza kadi za harusi, fulana, mabango ya misiba na ya kampeni. Nikamwita. Akaja na bodaboda, kompyuta yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo ndiyo inayofua picha?"

"Babu, siku hizi inafua, inapiga pasi, na kushona juu yake!"

Akanionyesha. Mwanangu, mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, lakini nilichokiona kilinifurahisha sana. Picha ya harusi iliyopigwa siku ya mawingu, akabonyeza, mbingu ikawa ya bluu. Bwana harusi aliyefumba macho akafumbuliwa. Picha iliyokatwa miguu ikaongezwa miguu, na majani ya chini, na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyemwomba. Nikauliza kama anaweza kumwondoa mtu. Akasema hata si kazi. Tukachukua picha moja ya kwenye simu, mimi nimesimama na jirani yangu Chacha, tuliyekuwa tumenuniana naye kwa habari ya mpaka. Robi akamzungushia kidole Chacha, na Chacha hayupo, nyuma yake pamejaa migomba. Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikamwambia amrudishe, maana hata akifutwa hapo, shamba lake nitaliona kesho asubuhi.

Akaipiga picha ya mama kwa simu, vizuri, mlangoni penye mwanga, akaondoka nayo mjini. Baada ya siku chache akarudi, na siku hiyo dada yangu Ghati alikuwa amefika.

Ghati ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Aliolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na uzee umempinda mgongo lakini ulimi haukumpinda. Katika ukoo wetu, kazi ya kaburi la mzazi haianzi mpaka mtoto wa kwanza aweke mkono. Asipoweka, hata mchanga haumwagwi. Fundi alikuwa anamngoja yeye, na Robi alikuwa anangoja aione picha ili aitume Mwanza jioni ile.

Robi akafungua kompyuta mapajani kwa bibi yake. Ghati akaangalia, akaangalia.

"Mama mzuri huyu," akasema. "Ati ni nani? Ni mke wa mchungaji wenu?"

Robi akacheka. "Bibi, unatania. Si mama yako?"

Ghati hakucheka. Akaisukuma kompyuta kidogo, kama unavyosukuma sahani ya chakula usichokipenda nyumbani kwa watu.

"Mwita," akaniita, "njoo umwambie mjukuu wako mama yetu alikuwa nani."

Nikasogea, nikavaa miwani. Doa lilikuwa limekwisha, kweli. Shuka la mama limetiwa rangi. Ngozi laini, makunyanzi hakuna, paji la uso linang'aa kama bilauri. Nami kwanza nikataka kusifu. Halafu nikaona masikio. Alikuwa na masikio madogo, ya mviringo, mazuri, kama ya binti anayeuza vocha.

Lazima nikueleze hapa, maana wewe hukuwaona watu hao. Wanawake wa umri wa mama yangu walitobolewa ncha za chini za masikio wakiwa wasichana, wakayavuta pole pole kwa vijiti, kijiti chembamba kwanza, kisha kinene, mpaka ncha ikaning'inia karibu na bega na shimo lake likapitisha vidole vitatu. Wanaume wengi pia. Mimi nilikuja desturi imeshaanza kuachwa. Ghati anayo. Basi ile kompyuta ilipoliona sikio la kulia la mama, ambalo doa halikuligusa kabisa, ilidhani picha imetoboka. Ikaziba.

"Nilibonyeza ile mpya, babu, inayorekebisha yote kwa mara moja," Robi akasema, na sauti imemshuka. "Yenyewe ndiyo inatafuta palipoharibika."

"Na mama yangu ndiye palipoharibika?" Ghati akauliza.

Kuku akapita katikati yetu, akaona hali si nzuri, akaenda zake.

"Sikilizeni," Ghati akasema. "Huyu mama sina ugomvi naye, awe na amani kwake. Lakini mkimweka juu ya kaburi la mama yangu, jengeni wenyewe. Mkono wangu siweki. Watoto wenu watakuja kumsalimia mgeni, na mama amelala chini anasikiliza."

Mwanangu, maneno hayo yalinirudisha mbali, kwenye siku picha ile ilipopigwa. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo zinaanza. Ilikuwa siku ya mnada, na mpiga picha mmoja, mgeni, alikuja na baiskeli, kamera ndani ya sanduku la mbao nyuma. Mama akasema naye anataka. Akaketishwa kwenye kigoda, mimi nikapewa baiskeli niishike. Yule bwana akaangalia kwenye kioo chake, akainuka, akasema kwa upole kabisa:

"Mama, vuta kitambaa kidogo, ufunike hayo masikio. Huko mijini wanacheka."

Mama hakukasirika. Alimjibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ulinikuta nayo. Nilipotobolewa nililala na homa, nikayavuta mwaka kwa mwaka mpaka yakafika hapa. Ukiyafunika utakuwa umempiga mtu mwingine. Basi huyo mtu mwingine ndiye akulipe."

Watu wa mnadani walicheka, na mpiga picha akacheka kuliko wote, akampiga vile vile alivyo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mama akaniambia, "Mwita, mtu akikuomba ufiche kitu chako, muulize kwanza kinamuuma wapi." Mnada uliofuata yule bwana akaleta picha, akanywa maziwa kwetu, akapanda baiskeli yake, na hatukumwona tena maisha. Wengine walisema alifuata dhahabu. Ndiyo maana picha ilibaki moja.

Nikawasimulia hayo. Robi alikuwa hayajui. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanisumbua: karatasi yenyewe ilikuwa inabanduka vipande kila ukiigusa, je, mama wa kweli bado yupo humo ndani, au ndiyo ameshazibwa moja kwa moja?

"Yupo, babu," akasema. "Programu za sasa hazichori juu ya picha yenyewe. Kila unachobadilisha kinakaa kwenye tabaka lake, kama nguo juu ya nguo. Ukizivua zote unamkuta mtu."

Akaanza kuvua. Akabonyeza, rangi ikatoka. Akabonyeza, ule mng'ao ukatoka. Akabonyeza tena, na mama akatokea, ana makunyanzi yake, ana doa lake, sikio la kulia linaning'inia.

"Huyo," Ghati akasema, akapumua. "Huyo hapo. Na uchafu wake."

Sasa Robi akafanya kazi kwa namna nyingine. Akaifungia kompyuta isiguse uso, akawa anaondoa doa kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na kila hatua anauliza. "Hii ni doa au ni kovu?" Doa. "Na hii?" Acha, hiyo ni ya jiko, aliungua akipika. Tulikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Ilinipendeza kuliko zile mbingu za bluu.

Tatizo likabaki sikio la kushoto. Doa lilikuwa limelila lote, chini yake hakuna kitu. Robi akasema ipo sehemu unaiandikia unachotaka, hata kwa Kiswahili, nayo inachora. Akaandika kwamba anataka sikio refu. Tukangoja. Ghati akainama kuangalia.

"Haya. Sasa umemfanya punda."

Na kweli, lilikuwa limesimama juu, lina manyoya. Robi akaandika tena, akaeleza shimo. Ikaleta hereni kubwa ya dhahabu. Akaandika tena. Ikaleta hereni mbili. Tukacheka sote watatu, hata Ghati, akifuta machozi kwa kona ya kitenge. Mashine ile inajua mambo ya dunia nzima, lakini bibi wa Nyanungu hakuna aliyekuwa ameipelekea.

Halafu Ghati akaacha kucheka. Akainua mikono, akafungua kilemba chake mwenyewe. Hakupenda kufungua kilemba mbele ya watu, kwa sababu kule ng'ambo vijana humtazama. Akageuza kichwa.

"Piga hili."

Robi akamwangalia.

"Piga, mtoto. Lilitobolewa na mwanamke yule yule aliyemtoboa yeye. Mama ndiye alinishika kichwa. Urefu ni mmoja, tulikuwa tunapimana."

Robi akamsogeza mlangoni, akampiga picha sikio kwa simu. Akalileta kwenye kompyuta, akalipunguza, akalitia ule weusi na weupe wa picha ya zamani, akaliweka mahali pake. Mwanangu, halikuhitaji kusukumwa. Lilikaa kama lilikuwa limetoka kidogo tu na sasa limerudi.

Mimi mzee mwenye maneno mengi nikauliza, "Lakini dada, huu nao si uongo?"

"Uongo ni ule wa kwanza," akasema. "Mimi sikio hili nililitoa wapi kama si kwake?"

Robi akauliza, "Bibi, niandike chini, kwa herufi ndogo, kwamba sikio la kushoto ni la binti yake?"

Ghati akafikiri. "Andika. Na jina langu. Wajukuu wajue nami nipo hapo."

Kigae kikachomwa, kikaja. Siku ya kazi Ghati aliweka mkono wa kwanza kwenye saruji mbichi, fundi akaanza. Ukipita pale kwetu utamwona mama na masikio yake mawili, na maneno madogo chini yake, na watoto wakiyasoma wanakimbilia kumwangalia bibi Ghati kichwani.

Basi neno langu kwako, mwanangu unayeshika simu muda huu, ni hili. Sikukatazi vitu vipya. Mimi mwenyewe nimemwomba Robi anitoe wekundu wa macho katika picha ya kitambulisho changu cha chama cha wakulima, na nimependeza. Lakini kitufe cha kurekebisha yote usikibonyeze juu ya mtu kabla hujakaa na wanaomjua. Ondoa kilichomwagikia picha, mtu mwenyewe mwache. Na hata uso wako wewe, kila asubuhi unapoulainisha kabla ya kuwatumia wenzako, uangalie kwanza kama ulivyo, ujue umetoka kwa nani. Pua hiyo kuna mtu aliivaa kabla yako akapendwa nayo. Ukikosa kitu, usikimbilie kukitunga. Uliza nyumbani, pengine kipo chini ya kilemba cha mtu aliye hai, anangoja aombwe.

Mungu akuzeeshe uso ukiwa wako. Akupe watu wa kuketi kitako na kubishana juu ya kovu lako. Na siku wajao watakapoitazama picha yako, waseme papo hapo, bila kuulizana: huyu ndiye.