Vichwa Tisa na Glavu

Hapa mtaani Mabawa wananiita msusi mwenye maringo, na mie sikatai. Mikono hii naringia.

Zamani haikuwa ya kuringia. Miaka sita ya kuosha vichwa na kupaka dawa ya kulainisha nywele ilinichana katikati ya vidole mpaka damu. Nikikamua ndimu, jirani anasikia kilio. Nikajipa moyo: kazi mbaya si mchezo mwema. Lakini mficha uchi hazai, nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akanitazama, akasema, "Mama, ama uvae glavu, ama utafute kazi nyingine."

Kazi nyingine ipi? Saluni ndiyo inayolea wanangu.

Nikanunua glavu. Nikawa nakausha mikono vizuri na kuipaka mafuta, vidonda vikaanza kufunga. Tatizo, kwetu ukimgusa mtu kwa glavu ni kama umemwambia ananuka. Wateja wakaanza kuninunia.

Ndipo akaja bibi harusi wa Raskazone, na mama yake, na mashangazi na mashoga zake, vichwa tisa kwa mkupuo! Saluni ikanukia udi. Nikavaa glavu, nikafungua kopo la dawa. Mama mtu akasimama.

"We! Mwanangu ana upele? Unamwonea kinyaa siku ya harusi yake?"

Wallahi niliogopa. Wakitoka hao, adhuhuri haifiki mji mzima unajua. Vidole vilishaanza kuivua ile glavu. Nikaviona vidonda vinavyofunga, nikajikuta nimekasirika.

"Nisamehe, mama'angu. Ningekuwa na kinyaa nisingefungua saluni. Dawa hii inanila mimi. Nikivua leo, kesho sina mikono. Kama hutaki, mlango ule pale."

Shangazi mmoja akaguna. Mama akashika mkoba wake.

Bibi harusi akageuka kitini, akasema, "Mama, kaa. Kichwa ni changu."

Akakaa. Nikawahudumia wote, glavu mkononi, wa mwisho yule mama mwenyewe. Nilipomwinamisha kwenye sinki akaninong'oneza, "Unazinunua wapi hizo? Mdogo wangu ana saluni Horohoro. Vidole vyake siku hizi havikunjiki."

Nikampa boksi zima.

"Mwambie avae," nikasema. "Na wakimnunia, aseme nimemtuma mimi."