Ploti Isiyoguswa

Siku yangu ya kwanza kazini, msituni juu ya mji wa Endebess, Mtafiti Mkuu alinikuta nimeinua shingo nikiistaajabia miti ya podo. "Angalia chini," akaniambia. "Hiyo ya juu wenye mbao wameshaiangalia." Ndivyo nilivyoanza kusoma tabaka la chini, yaani mimea midogo inayoishi kivulini: kangaga, okidi za ardhini, tangawizi-mwitu, miche ya miti mikubwa. Watu huiita magugu. Hata mimi niliiita hivyo mpaka siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya magoti. Tulifunga kamba kwenye vigingi tukapata mraba, tukainama na kutaja kila mmea uliokuwa ndani. Tulikuwa na ploti mbili. Katika ya kwanza, wakataji waliruhusiwa kuchagua miti mikubwa, mmoja hapa, mwingine kule. Ya pili haikuguswa na msumeno, nayo ndiyo ilikuwa kipimo chetu, kwa maana huwezi kusema kitu kimepungua kama hujui kilikuwa kiasi gani. Ile ya kwanza iliharibika upesi. Mti ukianguka jua linaingia, trekta linakokota gogo na kuchimbua udongo, na mimea ya kivuli inakauka. Mahali pake panashikwa na lantana, kichaka kinachopenda jua, na mitambaazi ya miiba. Ukiwa barabarani unaona kijani tu, unasifu.

Mtafiti Mkuu akastaafu, akaja mwingine aliyependa ofisi ya Kitale kuliko matope. Kufikia hapo miti mikubwa ilikuwa imekwisha kila mahali isipokuwa kwenye ploti yetu isiyoguswa. Ukiacha nyama mezani katika nyumba yenye paka, unategemea nini? Asubuhi moja nikakuta winchi ya kuvutia magogo imeshafungwa kwenye shina, na Bwana Misitu, afisa aliyesimamia eneo lote, amesimama kando na mwenye kiwanda cha mbao.

"Bwana Misitu, hii ndiyo ya kulinganishia," nikasema. "Mkikata hapa, kazi yetu yote imekufa."

"Mama, kwani iko nini hapa? Ni magugu tu bana. Si itamea tena? Mvua iko."

"Hii ya kivuli haimei juani."

"Basi itamea ingine," akasema, na wote wawili wakacheka.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Tembo wetu hawakupigana. Walisikilizana vizuri sana, na nyasi zikaumia vilevile.

Msumeno ningeweza kuusamehe. Kilichofuata sijakisamehe hadi leo. Mkuu mpya alitutuma tena na kamba zetu kwenye ploti zote mbili, na ile ya pili ikaendelea kuitwa isiyoguswa. Bila shaka zikafanana: lantana huku, lantana kule. Katika mkutano mjini Kitale akasimama akatangaza kwamba hakuna tofauti, kwa hiyo ukataji wa kuchagua hauidhuru mimea ya chini. Nikainua mkono, nikasema mbele ya wageni kwamba ploti zote mbili zimekatwa.

"Mama amechoka," mkuu akasema kwa upole. "Tutamtafutia mahali pa kupumzika."

Mapumziko yenyewe yalikuwa kitalu cha miche Bungoma, ambako nilimwagilia mikalatusi ya nguzo za stima mpaka nikastaafu. Nilikuwa na hasira kila siku, na mikalatusi ikamea vizuri.

Sasa nakaa Myanga. Mjukuu wangu, anayeniita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu, anasomea misitu chuoni, jambo ambalo lilinifurahisha mno. Likizo iliyopita alikuja na maneno.

"Kukhu, ati ulikuwa unasema kukata miti inaharibu mimea ya chini? Sisi tumefundishwa haiharibu, bora tu miti ichaguliwe."

"Nani amesema?"

"Ilifanyiwa utafiti. Tena hapa kwetu, Endebess."

Nikamweleza yote, winchi, mkutano, kitalu, nikamtajia na mimea iliyokuwa pale. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtoto mwenye adabu. Kisha akauliza tutaenda wapi akaione. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui pa kumpeleka.

Akafikiri kidogo. "Sasa Kukhu, nikiandika hivyo kwa mtihani, si nitafeli?"

"Utafeli," nikamwambia. "Andika walivyokufundisha."